Trei ya Sista Hapana

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wagonjwa, tena wagonjwa wenye njaa. Mtu anasubiri upasuaji, haruhusiwi kutia kitu mdomoni, anamlegezea macho: "Sista, hata funda moja la chai?" Hapana. Ndugu wamefika saa ya kuona wagonjwa imekwisha, wamebeba vikapu, wanamwita mama, wanamwita dada, wanamwita malkia. Hapana. Daktari kijana anataka dawa itolewe kwa maneno ya mdomo, karatasi ataijaza kesho. Hapana, baba, jaza sasa, kalamu hii hapa. Basi akawa Sista Hapana, na mwenyewe akalipenda jina hilo kuliko lile la kwenye cheti cha kuzaliwa.

Ndiyo maana watu hawakujua wacheke au walie waliposikia kwamba Sista Hapana amenyang'anywa leseni kwa sababu siku moja alisema ndiyo.

Ndiyo yenyewe ilihusu trei. Katika wodi yake kulikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote na kila mtu aliijua. Muuguzi anayemaliza zamu, kabla hajavua aproni, humvutia mwenzake dawa za awamu inayofuata. Anapanga mabomba ya sindano kwenye trei, kila bomba na kipande cha plasta chenye maandishi, kisha anafunika kitambaa safi. Wenyewe waliita kuandaliana. Ulikuwa upendo, usidhani ni uvivu. Wodi ina wagonjwa wengi kuliko vitanda, anayeingia zamu yuko peke yake, na kuikuta trei imeandaliwa ni kama kurudi nyumbani umechoka ukakuta maji ya kuoga yamechemshwa. Nani atayakataa? Chuoni walifundishwa wote: sindano usiyoivuta mwenyewe usimchome mtu. Wakalikariri somo, wakafaulu mtihani, wakaajiriwa, wakaandaliana.

Na Sista Hapana, aliyekuwa na hapana ya kila mtu, kwa trei hiyo hakuwa nayo.

Mchana ule vibomba vidogo vya insulini vilikuwa vimekwisha stoo. Mwenzake aliyekuwa anatoka akaivuta insulini ya mgonjwa wa sukari kwa bomba la kawaida, akabandika plasta, akafunika, akakimbilia kwa watoto wake. Kitambaa kilikuwa na unyevu. Plasta yake ikabanduka, na ya bomba la pili pia. Sasa insulini ile haina rangi, na dawa ya kuzuia kutapika nayo haina rangi, na bomba ni bomba. Sista Hapana aliziokota plasta zilizoanguka, akayatazama mabomba mawili yaliyofanana kama mapacha, akazibandika pale alipoona panafaa. Kosa lenyewe ndilo hilo. Alikisia. Angeyatupa yote mawili akavuta upya, hadithi hii isingekuwapo.

Aliyechomwa alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyelazwa kwa kutapika. Haikupita muda jasho likamtoka, maneno yakampotea, macho yakaanza kuzunguka. Sista Hapana hakuhitaji kuambiwa. Alimtoboa kidole, akapima sukari, akaona imeshuka vibaya, akafunga dripu ya glukosi, mikono ikifanya kazi na moyo ukipiga mayowe. Fundi akarudi kutoka huko alikokuwa anakwenda. Alifumbua macho akauliza nani amemlowesha nguo.

Metroni, mkuu wa wauguzi pale, akamvutia Sista Hapana stoo, katikati ya rundo la mablanketi, akafunga mlango.

"Mtu asiyekula, sukari hushuka yenyewe," metroni akanong'ona. "Mgonjwa yuko hai. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu mwenyewe ni mimi, Metroni. Nipite niende wapi?"

"Usinifanyie jeuri leo. Ukisema, umejimaliza. Na wodi nzima umeimaliza."

"Hapana," akasema Sista Hapana, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilimtoka kwa woga.

Alikwenda akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza fundi na mumewe kila kitu: trei, plasta, kukisia kwake. Mume alifoka mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakaja kuchungulia. Fundi mwenyewe alimtazama tu muuguzi wake, jinsi unavyotazama kitambaa ulichokwisha kukata vibaya.

Malalamiko yakafika kwenye baraza la wauguzi. Na huko ndiko Sista Hapana alikojua maana ya kukalia kuti kavu. Aliyeivuta insulini alisema hakuvuta. Metroni alisema katika wodi yake hakuna kitu kinachoitwa kuandaliana, hajawahi hata kukisikia. Wenzake walioitwa mmoja mmoja walitazama viatu vyao, wakasema hawajui, hawakumbuki, labda alijivutia mwenyewe. Watu aliokuwa akiwavutia sindano kila alipotoka zamu! Baraza likaisimamisha leseni yake kwa miaka miwili. Baada ya hapo, kama anaitaka, arudie mafunzo na mtihani, afanye kazi chini ya usimamizi, kisha aje ajieleze upya.

Kwa kosa lake alikuwa tayari kuadhibiwa, na alilala na aibu yake kila siku. Kilichomuuma ni ile midomo iliyofungwa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki yuko, wiki hayuko. Kwa hiyo aliyekuwa naye nyumbani muda wote ni wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kumliwaza kwa siku chache na kusahau kuondoka. Wifi alikuwa na mdomo, na mdomo huo haukuwa na likizo. Siku moja alimkuta akipiga pasi sare nyeupe ya kazi, ile inayokaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani.

"Wifi yangu, unampigia pasi nani? Marehemu?"

"Marehemu gani? Amelala tu."

"Haya. Akiamka mwambie sukari imekwisha jikoni."

Majirani nao hawakumwacha apumue. Mtu ameandikiwa sindano za siku kadhaa, kituo cha afya kina foleni, anaona njia fupi ni kugonga kwa Sista. Anakuja na dawa yake mfukoni na mkono wa nguo ameshaupandisha. Sista Hapana anamrudisha. Wengine waliondoka wakisonya: leseni hana, na maringo bado anayo! Siku nyingine wifi akaleta kubwa zaidi. Mwenye duka la dawa la pale kona alikuwa na chumba cha nyuma chenye pazia. Ukutani angetundika leseni ya mtu mwingine. Alichohitaji ni mkono tu.

"Mkono wako ni ule ule," wifi akambembeleza. "Karatasi ndiyo iliyopungua."

"Nikichoma mtu mmoja nyuma ya pazia, wifi, wale waliosema mimi mwongo watakuwa wamesema kweli."

"Basi utakula nini, kweli yako?"

"Nitakula ulichopika wewe. Umepika nini?"

Wifi alicheka asitake, akaenda kumwambia mwenye duka atafute mkono mwingine.

Muda wa adhabu ulipokwisha, Sista Hapana alirudi darasani kukaa na wasichana waliomwita mama. Akafanya mtihani pamoja nao, akafaulu. Akapangiwa hospitali nyingine kwa ile kazi ya chini ya usimamizi. Alipoivaa sare yake mbele ya kioo, ikamning'inia. Miaka miwili ya mawazo ilikuwa imemla mabega na kiuno. Mtaani kwao mafundi cherehani ni wengi, wengine hawana hata wateja. Yeye aliifunga sare kwenye mfuko akaenda kwa yule mmoja aliyewahi kumchoma.

Kwa nini? Wifi alimuuliza hivyo hivyo, mkono kiunoni. Sista Hapana alijua tu kwamba hawezi kuivaa tena sare hiyo akiwa anamkwepa yule mama njiani.

Fundi alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni. Aliinua macho, akamtambua, mguu ukasimama kwenye pedali.

"Naona umekonda," akasema, akizitema pini kiganjani moja moja.

"Nimekuja unipunguzie sare, fundi. Kama hutaki, nitaelewa."

Fundi aliichukua, akaigeuza nje ndani, akakagua mishono. "Ivae. Simama wima."

Akampima, akimzunguka, akibana kitambaa mbavuni na kuchomeka pini.

"Mbona umekauka hivyo?" fundi akauliza. "Unaogopa? Leo sindano ziko kwangu."

"Naogopa."

"Vizuri. Hata mimi niliogopa." Akachomeka pini nyingine. "Mume wangu hataki kusikia jina lako. Mimi sijakusamehe, nisikudanganye. Lakini ningekufa siku ile, wangemwambia mume wangu ni mapenzi ya Mungu, na angekubali. Wewe ulikuja ukasema ni mkono wako. Geuka."

Sista Hapana akageuka. Machozi yalimtoka akiwa ameutazama ukuta, na fundi alijitia hayaoni.

Katika hospitali mpya alipangwa pamoja na binti mmoja muuguzi waliyemwita Mashine kwa wepesi wake. Mashine alikuwa mcheshi, mwenye huruma, na wagonjwa walimpenda. Naye alimpenda Sista mara moja, akamuonea imani, mtu mzima wa kulingana na mama yake anafanyishwa kazi kama mwanafunzi. Kwa hiyo, siku Sista alipoingia zamu ya mchana, Mashine alimwandalia zawadi. Trei ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe.

Sista Hapana alikifunua. Mabomba yalikuwa yamepangwa safi, plasta zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Alijua anasimamiwa na kila analofanya linaandikwa, na kwamba hapo alipo ni mgeni, na mgeni hapindui meza ya mwenyeji. Angeweza kuisogeza trei pembeni, akajivutia dawa zake kimya kimya, na dunia ikaendelea. Akafikiri: kimya kimya ndicho kilichonifikisha hapa.

Akabeba trei mpaka kwenye boksi la sindano zilizotumika, akaanza kuyatumbukiza mabomba mle, moja baada ya jingine, mbele ya wodi nzima.

"Sista! Unafanya nini?" Mashine akapiga kelele. "Nimeacha kula ili nikuandalie!"

"Najua. Umenipenda. Aliyeniandalia mara ya mwisho naye alinipenda."

"Kwani mimi nimekosea dawa gani? Nionyeshe moja tu!"

"Sijui, mwanangu. Kwenye maji yasiyo na rangi wewe unaona nini?"

Mashine alilia kwa hasira. Metroni wa pale alikuja mbio, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akaona dawa zimetupwa, akashika kichwa. Wagonjwa wakagawanyika papo hapo: wengine walisema huyu mama ana wazimu, mwingine akauliza kwa sauti kubwa kama ile iliyotupwa ilikuwa yake, maana yeye ameshalipa. Sista Hapana akanawa mikono, akafungua vichupa vipya, akavuta dawa ya mgonjwa wa kwanza, akaichoma, akarudi mezani kuvuta ya wa pili. Alichelewa. Alichelewa siku hiyo, na siku zote zilizofuata. Wenzake wakamkalia mbali wakati wa chai.

Mwisho wa kipindi kile metroni wa miwani akaandika maoni yake kwa baraza: ana ujuzi wa hali ya juu, ni mkaidi, hana ushirikiano.

Siku ya kujieleza, wifi alimsindikiza mpaka mlangoni akimkung'uta mabega kama mtoto siku ya kwanza ya shule. "Leo uwe Sista Ndiyo," akamwonya. "Siku moja tu. Kesho endelea na ushamba wako."

Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti wa baraza, muuguzi aliyepanda vyeo mpaka akasahau harufu ya wodi, alikuwa akimung'unya pipi ya mnanaa. Kulia kwake walikaa wajumbe, wote wauguzi. Mwishoni kabisa alikaa bibi mmoja mstaafu, shali mabegani, macho yamefumbwa. Ungedhani amelala. Karani alikuwa kwenye kimeza chake pembeni.

Mwenyekiti alisema maneno mazuri. Mtihani umefaulu, ujuzi umesifiwa, adhabu umeitumikia. Kisha akaigongagonga karatasi ya maelezo aliyoandika Sista mwenyewe.

"Tatizo ni hii aya ya mwisho. Umeandika kwamba desturi ya kuandaliana sindano ipo katika wodi nyingi, na kwamba baraza linaijua na limenyamaza. Haya ni matusi."

"Si matusi, Mwenyekiti. Ni habari."

"Futa aya hiyo. Sema lilikuwa kosa la mtu mmoja. Leseni yako iko hapa, imeshaandaliwa. Unatoka nayo leo."

Aliinua kadi ndogo ya plastiki, akaiweka juu ya kitambaa cha kijani. Sista Hapana akaiona picha yake pale. Miaka yote hiyo aliiota kadi ile. Aliwaza mumewe barabarani, alimuwaza wifi hapo nje akitafuna kucha. Mkono ulimwasha, nisikufiche, ulimwasha kuichukua.

"Kosa lilikuwa langu," akasema. "Mimi nilikisia, mimi nilichoma, na nikiulizwa mara mia nitajibu hivyo mara mia. Sikuja hapa kumtupia mtu mwingine. Lakini kama kosa ni langu peke yangu, mbona nimeikuta trei ile ile kwenye hospitali mliyonipeleka ninyi? Aliyeniandalia ni binti mzuri, hana ubaya wowote. Siku plasta yake itakapobanduka, mtamwita hapa, mtamwambia na yeye ni mtu mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu tunaujenga kwa miili ya watu."

"Futa aya," mwenyekiti akarudia.

"Hapana."

Pipi ilisimama mdomoni mwa mwenyekiti.

"Nina swali moja," akaendelea Sista, na sasa hasira ya miaka yote ile ilikuwa imempandisha kidevu. "Ninyi nyote hapa ni wauguzi. Ambaye tangu aanze kazi hajawahi kumchoma mgonjwa sindano aliyovutiwa na mwenzake, naomba anyooshe mkono. Akinyoosha mmoja tu, nafuta."

Mjumbe mmoja akatafuta kitu kwenye mkoba wake. Mwingine akaitazama feni. Mwenyekiti akafungua mdomo kusema kwamba wao hawakuja kuulizwa, na sauti haikutoka vizuri. Mikono ilibaki mezani, mikono ya watu wazima, iliyochoma watu wengi kuliko wanavyoweza kukumbuka.

Bibi wa shali akafumbua macho.

"Karani," akasema. "Andika: hakuna mkono ulionyooshwa."

"Bibi, hilo si la kuandika," mwenyekiti akasema.

"Na wangu nao sikunyoosha. Andika hilo pia, mwanangu, uanze na hilo."

Karani aliwatazama wote wawili, akaandika.

Hakutoka na kadi siku ile. Alitoka mikono mitupu, na wifi alipouona uso wake akajua mara moja ni Sista yupi aliyekuwa humo ndani. Alimtukana njia nzima mpaka nyumbani, kisha akampikia. Wiki zikapita. Baraza lilibishana, likakutana tena, na kile kilichokwisha kuandikwa hakikuweza kufutwa bila kuonekana kimefutwa. Mwisho kadi ikaja, na aya ya mwisho ikiwa mahali pake. Baada ya kadi zikaja amri kwa hospitali zote: trei za kuandaliana marufuku, na zamu isiachiwe muuguzi mmoja. Amri ya pili inasumbua watu mpaka leo, maana wauguzi hawatoshi. Ile ya kwanza ilishika.

Alirudishwa hospitali ile ile ya Mashine, chumba cha sindano. Mashine alimpokea kwa shingo upande. "Usidhani nimesahau ulivyonitupia," akasema, akisafisha trei na kuifudikiza mezani, tupu. Lakini zamu ile walikuwa wawili, na chai walikunywa meza moja.

Asubuhi hiyo hiyo akaingia fundi cherehani, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu. Sindano ya cherehani ilikuwa imemtoboa mpaka ukuchani. Daktari alikuwa amemwandikia sindano ya kuzuia pepopunda. Fundi alipoona nani amesimama karibu na meza, akasita mlangoni, kisha akaja akaketi.

Sista Hapana alichukua kichupa, akakiinua usawa wa macho ya fundi, akamsomea jina la dawa na tarehe yake kwa sauti. Akafungua bomba jipya mbele yake, akavuta.

"Umeona?"

"Nimeona."

Sista Hapana akalishusha bomba, akamtazama Mashine.

"Kama unataka, fundi, nitamwita huyu binti," akasema polepole. "Atavuta yake na kukuchoma yeye. Sitakasirika."

Fundi alipandisha mkono wa gauni lake mpaka begani.

"Hapana," akasema. "Choma wewe."